Haivuji, Alisema Mama

Gari ilikufa katikati ya mlima, Baba akiwa ndani.

Haikuzima. Ingezima ningejua pa kuanzia. Injini ilikuwa inanguruma, mguu wangu umegandamiza mafuta mpaka sakafuni, na sisi tumesimama pale pale. Naongeza mafuta, kelele inaongezeka, gari haiendi. Halafu ikaanza kurudi nyuma taratibu, na moshi mweupe uliokuwa unatufuata ukatukuta, ukaingia madirishani.

"Breki," alisema Mama kutoka kiti cha nyuma.

"Nimeshika."

"Basi shika zaidi."

Baba alikuwa amelala kiti cha mbele, ambacho nilikikata mgongo na kukichomea upya ili kilale chali, kichwa cha mzee kifike mapajani kwa Mama. Figo zake zilishakataa kazi. Kule juu, hospitalini, kuna mashine inayomsafisha damu. Asipopanda mlima ule maji yanabaki mwilini: kwanza inajaa miguu, kisha uso, kisha kifua. Tulishakosa zamu moja gari ilipoanza kusumbua. Hii sasa ilikuwa ya pili. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu tukaviacha nyumbani, na akivuta pumzi ulisikia kitu kama sufuria inayochemka chumba cha pili.

Nilirudi kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, mpaka pale penye nafasi ya kugeuza. Kushuka hakukuwa na shida. Kwenye kushuka hakuna gari mbovu.

Nyumbani Mama alimpigia muuguzi wa kitengo cha mashine, akaweka sauti nje tusikie wote. Yule dada aliongea mbio mbio, nyuma yake vitu vinalia pii, pii. Alisema kesho asubuhi na mapema ipo nafasi moja, mgonjwa wake amehamishwa. Tukiikosa hiyo, mashine zote zina watu. Akauliza mzee anapumuaje.

"Vizuri tu," alisema Mama.

Nilimwangalia. Hakuniangalia.

Mama yangu anadanganya. Sio kwa ubaya, ndivyo alivyo. Ukimuuliza kama amekula, amekula. Ukimuuliza kama amelala, amelala fofofo. Paa likivuja, huo ni umande. Tangu Baba aanze kuumwa ana neno moja tu: anaendelea vizuri. Shangazi yangu, dada yake Baba, anakaa mbali, na alilishwa "anaendelea vizuri" kwenye simu mpaka siku aliyokuja mwenyewe akamkuta kaka yake hawezi kufunga kifungo cha shati. Alilia, akamtukana Mama, akalia tena. Mimi nilishajifunza zamani. Mama akisema neno, nalipitisha kwanza kwenye macho yangu ndio naliamini.

Gari yenyewe ni pikapu ya milango minne, imenizidi umri. Baba alikuwa seremala. Nusu ya milango na vitanda vya mtaa wetu vilipanda gari ile. Aliitaka yenye gia za otomatiki kwa sababu goti lake la kushoto halikutaka klachi. Watu walimcheka: itakufa hiyo, na fundi hutampata. Haikufa. Ilikaa miaka, mpaka yeye alipoanza kufa, ndio na yenyewe ikamfuata.

Naongea vibaya, najua. Siku ile nilikuwa naongea hivyo hivyo.

Nilimwita Sikio. Sikio ndiye bosi wangu gereji. Tulimpa jina hilo kwa sababu ana bisibisi ndefu kuliko mkono. Anaweka ncha kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anakuambia kinachouma. Kwenye injini na giaboksi za kawaida hajawahi kunidanganya. Otomatiki ni kitu kingine. Otomatiki ikiingia gereji kwetu kila mtu anakumbuka ana kazi mahali.

"Washa," alisema. Nikawasha. Akaingia uvunguni, akasikiliza, akatoka amekunja uso. "Twende tuzunguke."

Tulizunguka mtaa, yeye kwenye kiti cha Baba, amelala chali kama mgonjwa kwa sababu kiti kile hakiinuki tena. Gia ya kwanza ilikaa, ikakaa, injini inalia, halafu ya pili ikaingia kwa kishindo mpaka meno yakagongana.

"Umeona?" nikauliza.

"Nimeona."

"Ndio nakuuliza sasa ni nini."

"Usiniulize kama vile umenizaa."

Tuliporudi uani alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa bado inanguruma, maana otomatiki inapimwa hivyo. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha ilikuwa kavu.

"Uliongeza lini?"

"Jana. Chupa nzima."

"Iko wapi?"

"Inavuja."

"Inavujia wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimeziba. Sampu ya chini ya giaboksi nimeshaifungua na kuifunga upya na gundi, mara mbili."

"Na huo moshi?"

"Injini inakula oili, imezeeka."

Sikio alijipangusa mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. Nikajua. Anapojipangusa vile ujue anatafuta maneno ya kumpa mwenye gari.

"Haraka," akaniita. Ndilo jina langu pale gereji. "Hii gari ina magonjwa mawili, na kila moja peke yake linatosha. Ringi za injini zimekwisha, ndio maana inachoma oili. Na giaboksi sahani zake za ndani zimeungua, ndio maana mlimani haikamati. Ishushe giaboksi. Tafuta nyingine."

"Kwa kesho asubuhi?"

"Giaboksi ya otomatiki ya gari ya umri huu haitafutwi, kijana wangu. Inaombewa."

"Mzee ana mashine kesho asubuhi."

"Nimesikia. Tafuteni usafiri mwingine."

Usafiri mwingine. Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na kinyozi anajua watu wote. Alikaa kwenye ngazi na simu yake mchana kutwa. Pikipiki tulishawahi kujaribu. Baba alizimia njiani tukamdaka kama gunia. Teksi ndogo hazipandi ile barabara tangu mvua ziichimbe, zinagusa tumbo. Dereva wa lori la mawe alikubali, lakini kwenye lori lile mtu anakaa wima, na Baba akikaa wima muda mrefu anazimia. Gari ya wagonjwa ya hospitali ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, haina matairi. Mwenye basi dogo la shule alisema angempigia tena shemeji. Mpaka leo hajapiga.

"Wote wanampa pole," alisema shemeji. "Nimekusanya pole za kujaza pikapu."

"Nyamaza, shemeji."

"Nanyamaza. Nilikuwa nasema tu, gari yenyewe ya kuzibeba haiendi."

Sikio alipoondoka alinigeukia pale getini. "Hiyo giaboksi usiifungue peke yako. Ndani kuna springi na vidude kama utumbo wa saa. Ukivimwaga hutavirudisha."

Nikaingia uvunguni. Ningefanya nini kingine? Kukaa ndani nilishindwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mto mgongoni, anatazama gari yake, na ile sufuria inachemka kifuani. Sikuweza kumtazama akinitazama. Uvunguni angalau kuna chuma, na chuma ukikipiga kinajibu.

Nilianza kutafuta panapovuja. Tochi mdomoni, kitambaa mkononi, nikafuta giaboksi yote kuanzia inapoungana na injini mpaka nyuma kwenye shafti. Kama kuna tundu, oili italia tu, haiwezi kujificha. Nilikuta matope makavu. Nikakuta gundi yangu mwenyewe imekauka vizuri, safi. Nikakuta kiota cha nyigu, cha zamani. Oili, hakuna hata tone.

Nikasema, iko kwenye kadibodi. Halafu nikakumbuka na hasira ikanipanda.

Kila jioni Mama alikuwa anaweka kadibodi chini ya giaboksi. Kila asubuhi anaiondoa kabla Baba hajasogezwa dirishani. Kwa sababu Baba aliwahi kuona doa la oili pale chini, kipindi cha nyuma, akasema, "Inanitangulia." Hakula siku ile. Kuanzia hapo Mama akawa na kadibodi yake. Jioni inawekwa, alfajiri inatolewa, mzee haoni kitu. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na rundo la kadibodi za dukani, na mimi niliamini kwamba ile iliyochafuka anaitia motoni, anaweka mpya. Kila nilipoipita ilikuwa safi. Nikasema, ndio huyo Mama. Hata gari anaisemea inaendelea vizuri.

"Mama," niliita kutoka uvunguni.

"Abee."

"Zile kadibodi. Ungeniachia hata moja. Hata moja tu, Mama. Ningeona tone linaangukia wapi ningejua pa kuziba. Wewe unachoma tu."

Miguu yake ikaja, ikasimama karibu na gurudumu. Kandambili moja kamba imefungwa kwa waya. Alikuwa ametoka kumkanda Baba, maji yanadondoka kwenye kitambaa.

"Nachoma nini?"

"Kadibodi."

"Sijachoma kadibodi yoyote."

"Mama, sio wakati wake."

"Wakati wa nini? Ni ile ile moja."

Nikatoka uvunguni. Shemeji akaweka simu chini.

"Ile ile moja tangu lini?"

"Tangu ile siku ya doa. Nilikuambia haivuji. Nimekuambia na jana. Nimekuambia ukiwa unapaka gundi yako hapo, nikasema mwanangu, haivuji, ukasema mhh."

"Uliniambia kama unavyoniambia kila kitu."

Nilisema hivyo, na neno likitoka halirudi. Mama akaingia jikoni, akarudi na kadibodi, akaiweka chini mbele yangu.

Ilikuwa ya friji. Picha ya friji bado ipo ubavuni. Pembe moja imetafunwa na panya. Katikati kulikuwa na vumbi na nyayo za paka, na pembeni, kwa penseli ya seremala, vipimo: upana, urefu, na neno "bawaba" limepigiwa mstari chini. Mwandiko wa Baba wa kabla mikono haijavimba. Nikaelewa kwa nini hakuitia motoni. Ningekuwa na akili ningejua tangu mwanzo; yule mwanamke asingechoma hata mbao aliyoipiga randa mume wake.

Niliipeleka kwenye jua, nikaigeuza, nikaipitisha kidole. Hakuna oili. Wiki na wiki chini ya giaboksi inayomaliza chupa nzima kwa siku, na haina tone moja.

"Basi haivuji," nikasema.

"Ndio maana yake," alisema Mama.

"Sasa oili inaenda wapi?"

Shemeji akakuna kidevu. "Labda inainywa."

"Nani?"

"Injini. Si umesema inakula oili?"

"Shemeji, hiyo ni oili ya injini. Hii ni ya giaboksi. Ni nyumba mbili tofauti, hazipakani."

Lakini nilipokuwa nasema nilikuwa nimeshafungua boneti. Nikachomoa kijiti cha injini. Imejaa. Imejaa mpaka kwenye alama. Sikuwa nimeongeza oili ya injini tangu sikumbuki lini. Gari inafuka moshi kama tanuri la matofali na oili yake haipungui hata nukta.

Mwizi anakula kwa jirani, basi.

Nilikimbilia nyuma kwenye eksozi, nikaingiza kidole. Masizi yenye utelezi. Nikanusa. Oili ya injini ikiungua ninaijua, nimeivuta tangu nilipoacha shule. Hii ilikuwa harufu nyingine, tamu tamu, ya kukera koo.

Nyumba mbili hazipakani, lakini kuna bomba. Gereji kwetu nyuma, kwenye chuma chakavu, kulikuwa na giaboksi ya otomatiki iliyokufa zamani. Kwa kuwa siwezi kukaa bila kupasua kitu, niliwahi kuichokoa. Ubavuni ilikuwa na kikopo kidogo cha duara. Nilikikata kwa msumeno nikaona ndani kuna ngozi ya mpira imegawa katikati. Upande mmoja giaboksi, upande wa pili kabomba kembamba kanakopanda mpaka kwenye injini. Injini inavuta hewa kupitia kale kabomba. Ikiwa inatembea kilaini inavuta sana, ikibanwa inavuta kidogo, na giaboksi kwa mvuto ule inajua ibadilishe gia saa ngapi. Hewa tu. Hakuna oili inayotakiwa kupita mle.

Lakini ngozi ikichanika?

Nililala tena uvunguni. Kikopo kilikuwa juu, kimejificha nyuma ya eksozi, chuma bado cha moto. Niliacha ngozi ya mkono pale, sikuisikia mpaka jioni. Nikashika mpira wa kale kabomba, nikauzungusha, nikauvuta.

Oili nyekundu ya giaboksi ikatoka ndani ya mpira wa hewa. Ikanidondokea shavuni, ikaingia shingoni.

"Shemeji," nikasema. "Shemeji, njoo uone. Ni ugonjwa mmoja. Sio miwili."

"Unatoka damu?"

"Sio damu. Njoo."

Alijikunja akachungulia, na shati lake jeupe la kinyozi. Injini ilikuwa inainyonya oili ya giaboksi kama soda na mrija, inaichoma, ndio moshi. Giaboksi inabaki kavu, haikamati mlimani. Na kwa kuwa mvuto umeharibika, gia zinachelewa na kuingia kwa kishindo. Kila kitu kimetoka kwenye kipande cha mpira kisichozidi kisigino cha mtoto.

Nikampigia Sikio nikamweleza.

"Kikopo kingine hupati leo," akasema.

"Najua. Nataka kuziba. Upande wa injini bolti, upande wa kikopo bolti."

"Ukiziba haitanyonya tena. Lakini giaboksi itadhani injini inabanwa muda wote. Kila gia itapiga."

"Itapiga."

"Mzee ataumia."

"Sikio, mzee anazama. Anazama kwenye kiti, mbele ya dirisha, nyumba haina maji."

Akashusha sauti. "Na kama zile sahani ziliungua pale mlimani leo, kuziba hakutasaidia. Utajua ukifika pale pale."

Alikuja mwenyewe, jua likiwa limeinama, na dumu la oili nyekundu na bangili za kubania mipira. Hakusema samahani na mimi sikuitaka. Alinishikia tochi. Nilikata mpira vipande viwili, nikasokomeza bolti kila kipande, tukabana. Tukajaza oili, injini inanguruma, yeye anachomoa kijiti, anafuta, anachomoa, mpaka ikafika. Moshi ulitoka mzito kwa muda, ukapungua, ukawa mwepesi, ukaisha. Nilikaa nimechuchumaa nyuma ya eksozi nikiangalia pale ulipokuwa.

Mtaani ilikwenda. Ya kwanza, injini inalia muda mrefu, kishindo, ya pili. Kishindo, ya tatu.

"Niipeleke mlimani," nikasema.

"Hapana."

"Nijaribu tu."

"Kama imebakiwa na mpando mmoja, unataka kuutumia kujaribu?"

Kwa mara ya kwanza maishani mtu aliniambia tulia na nikatulia.

Asubuhi tulimbeba Baba na godoro lake. Shemeji upande wa miguu, mimi kwapani. Alikuwa mzito kuliko mtu, maji matupu. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari.

"Gari mbovu hiyo," alisema. Maneno matatu, pumzi tatu.

"Imepona, Baba."

Akaweka kiganja kwenye dashibodi, kama mtu anayepima homa.

Mama akaingia nyuma pamoja na shemeji, akachukua kichwa cha Baba. Kadibodi aliikunja akaiweka miguuni kwake. Sikuuliza.

Chini ya mlima nilisimama kidogo, nikavuta pumzi, nikaondoka. Injini ililia mpaka nikahisi itatoka nje ya boneti. Kishindo. Baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mkubwa. Nikaondoa mguu kidogo kwa kumhurumia, gia ikarudi chini, kishindo kingine.

"Usiguse guse," alisema shemeji. "Unampiga mara mbili."

Aliyosema ni kweli. Nikaweka mguu, nikauacha hapo.

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kwenye kioo hakuna moshi, kuna vumbi tu. Pale tulipofia jana niliona alama za matairi yangu, michirizi miwili imeteremka upande mmoja kama mlevi. Nilipofika pale gari ilitetemeka. Injini ikapanda juu peke yake, kelele bila nguvu, na mimi nikasema moyoni basi, imekwisha, zimeungua. Ikakaa hivyo. Gari inapungua, inapungua. Halafu kitu kikashika huko chini, kishindo kikubwa kuliko vyote, ikaingia ya kwanza na ikaanza kupanda.

Ndipo nikagundua kwamba ile sufuria ya kifuani kwa Baba siisikii.

"Mama. Anaendeleaje?"

Kwenye kioo nilimwona ameinamia mdomo wa Baba.

"Mama, nakuuliza."

"Vibaya," alisema. "Kanyaga."

Sikuwahi kulisikia neno lile mdomoni mwake. Sikugeuka kuangalia. Nilikanyaga. Makorongo sikuyakwepa tena, gari ikaruka, shemeji akagonga kichwa kwenye paa na hakulalamika, mkono wake uko kifuani kwa Baba unambana asiteleze. Gari inalia, mimi nalia, nimeshika usukani kama shingo ya mtu. Getini mlinzi alinyanyua mkono kusimamisha, akauona uso wangu, akafungua.

Walimtoa na kitanda cha magurudumu. Yule dada wa kwenye simu ni mdogo kuliko sauti yake. Alimwekea kitu puani huku wanakimbia, akasema "Mzee, nipumulie, nipumulie hapa," milango ikajifunga. Tukabaki na godoro.

Baadaye alitoka kutuambia mashine imeshika, anapumua, tusubiri. Hakusema zaidi ya hapo. Shemeji alilala kwenye benchi mdomo wazi.

Nilitoka nje kumtafuta Mama. Nilimkuta uwanjani amepiga magoti kwenye kokoto, anaisukuma ile kadibodi chini ya giaboksi.

"Mama, hata hapa?"

"Niache nione."

Nikakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Akaja akakaa pembeni yangu. Mkono wangu ulikuwa umetoka malengelenge pale kwenye eksozi. Akaushika, akaugeuza, akaurudisha.

"Atapona?" nikauliza.

"Hapana."

Alikuwa anaangalia ule mlango.

"Leo tutarudi naye nyumbani," akasema. "Baadaye sijui. Usiku, vile anavyohema, huwa sijui."

"Kwa nini hukuwa unasema?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Jua lilipotufikia Mama aliinama, akaivuta kadibodi nje, tukaiangalia wote wawili. Vumbi. Friji. Bawaba. Hakuna tone.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji," nikasema.

Zamu inayofuata ilikuwa wiki ile ile, mlima ule ule. Nikainuka, nikafungua boneti, nikaanza kukaza zile bangili.